Habari za Richard Allen, Aliyezika Wafu wa Philadelphia



Katika mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, mtawala wa nchi alimtaka Dkt. Martin Luther aondoke, naye akakataa, akabaki mjini pamoja na wagonjwa, hata nyumba yake ikawa kama hospitali. Habari hiyo wengi wetu twaijua tangu mafundisho ya kipaimara. Leo nataka kuwasimulia habari za mchungaji mwingine aliyekaa mjini wakati wa maradhi makuu, ambaye habari zake hazijulikani sana katika sharika zetu. Yeye alikuwa mtu mweusi, aliyezaliwa mtumwa, na mji ule aliokaa kuuhudumia ulikuwa mji usiompa hata mahali pa kupiga magoti. Jina lake ni Richard Allen. Sitayagawa maisha yake sawasawa, maana miezi michache ya mwaka 1793 ina uzito kupita miaka mingi iliyotangulia na mingi iliyofuata.

Alizaliwa tarehe 14 Februari 1760, mtumwa wa mwanasheria mmoja tajiri wa Philadelphia, jina lake Benjamin Chew. Angali mtoto, yeye na wazazi wake na ndugu zake waliuzwa kwa Stokely Sturgis, mwenye shamba karibu na mji wa Dover katika jimbo la Delaware. Sturgis hakuwa bwana mkali, na Allen hata katika uzee wake alimtaja kwa wema. Walakini wema wa bwana haukuzuia madeni ya bwana. Wadai walipombana, alimwuza mama yake Richard pamoja na watoto watatu, na Richard akabaki shambani na kaka yake na dada yake. Katika nchi hii yetu, ambamo misafara ya watumwa ilipita, neno hilo halihitaji maelezo.

Alipokuwa kijana wa miaka kama 17, alisikia mahubiri ya Wamethodisti, naye akaongoka, na kaka yake vile vile. Majirani wa Sturgis walimwonya wakisema kwamba dini itawaharibu watumwa wake na kuwafanya wavivu. Basi ndugu hao wawili wakafanya shauri: wasipomaliza kazi ya shamba hawatakwenda ibadani, hata bwana mwenyewe akiwapa ruhusa. Wakalima usiku na mchana, hata Sturgis akawa ndiye anayewahimiza waende. Kisha akaruhusu wahubiri waje nyumbani kwake, na siku moja akahubiri Freeborn Garrettson juu ya mizani ya mfalme Belshaza. Sturgis alijiona amepimwa yeye mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuweza tena kuona ni haki kumiliki watu, akawapa ndugu hao nafasi ya kujikomboa, kila mmoja kwa pauni 60 za dhahabu na fedha, au dola 2,000 za noti za wakati wa vita. (Toba yake ilikuwa ya kweli, lakini haikufika hata kusamehe bei.) Richard akakata kuni, akafyatua matofali hata mikono ikachubuka, akaendesha gari la chumvi wakati wa vita vya Wamarekani na Waingereza, na kila kituo alichosimama akahubiri. Mwaka 1783 alikuwa amekwisha kulipa yote.

Baada ya hayo alizunguka miaka kadhaa akihubiri kwa miguu, mara akifanya kazi ya kushona viatu, mara ya kuchanja kuni, apate chakula chake. Mwaka 1786 aliitwa Philadelphia kuwahubiria watu weusi katika kanisa la Mtakatifu George, na saa aliyopewa ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, kabla Wazungu hawajaamka. Huko akakutana na Absalom Jones, mtu aliyemzidi umri, naye pia alikuwa ametoka katika utumwa wa Delaware. Mwezi wa Aprili mwaka 1787 hao wawili na wenzao wakaanzisha Chama cha Waafrika Huru. Kila mwanachama alitoa shilingi moja ya fedha kila mwezi, na akiba hiyo iliwasaidia wagonjwa, wajane na yatima. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa kuwa chama kidogo hicho cha shilingi moja moja ndicho kilichokuja kuubeba mji mzima.

Watu weusi walipozidi kuwa wengi katika kanisa la Mtakatifu George, waliondolewa katika viti vyao wakawekwa kando ya ukuta, kisha wakapelekwa ghorofani, ambako wao wenyewe walikuwa wamechanga fedha na kazi ya kujenga. Jumapili moja walikuwa wamepiga magoti katika maombi, akaja mzee mmoja wa kanisa akamshika Absalom Jones amwinue, kwa kuwa alipiga magoti mahali pasipo pake. Jones akamwomba angoje hata maombi yaishe. Hakungoja. Maombi yalipokwisha, watu weusi wote wakatoka pamoja, wala hawakurudi. Wakaanza kuchanga fedha wajenge nyumba yao ya ibada, na daktari mashuhuri wa mji, Benjamin Rush, mmoja wa waliotia sahihi tangazo la uhuru wa Marekani la mwaka 1776, aliwasaidia sana. Tarehe 22 Agosti 1793 paa la kanisa hilo liliinuliwa, pakawa na karamu chini ya miti. Kwanza Wazungu waliketi na watu weusi wakawahudumia. Kisha watu weusi wakaketi, na Wazungu wakawahudumia wao. Jambo la namna hiyo lilikuwa geni kabisa katika mji ule.

Lakini siku tatu kabla ya karamu hiyo, Rush alikuwa amekwisha kuitambua homa ya manjano katika nyumba zilizo karibu na gati. Wakati ule Philadelphia ulikuwa makao makuu ya serikali ya Marekani, wenye watu wapata 50,000 pamoja na vitongoji vyake. Majira ya joto ya mwaka huo merikebu zilileta wakimbizi wengi kutoka koloni la Saint-Domingue, ambalo leo ni Haiti, kulikokuwa na vita. Homa ikaanza kwa kichwa kuuma na mwili kutetemeka. Macho na ngozi zikageuka manjano. Kisha mgonjwa akatapika matapishi meusi, akafa kwa siku chache. Kengele za makanisa zilikatazwa kulia, kwa kuwa zililia mchana kutwa zikawatia watu hofu. Rafiki hakumpa rafiki mkono. Watu walitembea katikati ya njia wasikaribie milango, huku wameshika kitambaa chenye siki puani. Wapata 20,000 walikimbia, naye Rais Washington aliondoka mwezi wa Septemba. Waliobaki walikuwa hasa maskini wasio na pa kwenda. Meya Matthew Clarkson, na asifiwe, hakukimbia.

Ndipo Dkt. Rush alipowaandikia watu weusi. Alikuwa amesoma habari za tabibu mmoja wa Charleston, John Lining, aliyeandika juu ya homa ya mwaka 1748 kwamba watu weusi hawakushikwa nayo. Rush akaamini kwamba Mungu amewakinga watu wa rangi hiyo, na kwa hiyo akawataka wajitolee kuwauguza Wazungu, ambao wahudumu wao wamekufa au wamekimbia. Tangazo la maneno hayo likachapishwa katika gazeti.

Allen na Jones wakakutana na wenzao wafanye shauri. Tufikiri kidogo juu ya mkutano huo. Watu weusi wa mji hawakuzidi sana 2,500, wengi wao wametoka utumwani juzi, wana wake na watoto. Wanaambiwa hawatakufa, na mwenye kusema ni rafiki yao, daktari mkubwa kuliko wote. Lakini hata kama hilo ni kweli, wana wajibu gani kwa watu waliowainua kwa nguvu kutoka magotini? Shauri lao lilikuwa kwamba ni wajibu wao kuwasaidia wanadamu wenzao katika mateso, nao wakatoka kwenda kuona kwa macho yao.

Siku hiyo ya kwanza, mapema mwezi wa Septemba, waliingia katika kichochoro kimoja wakamkuta mwanamume anakata roho. Mkewe amekwisha kufa ndani ya nyumba, wala hapakuwa na wa kuwasaidia ila watoto wawili wadogo wasiojiweza. Wakafanya waliloweza, wakapeleka habari ili yule mama azikwe, wakaendelea. Walitembelea zaidi ya jamaa 20 siku hiyo. Kesho yake wakaenda kwa meya, wakajitoa rasmi, naye akatangaza magazetini kwamba mwenye shida ya mwuguzi au ya mzishi awatafute hao wawili.

Tangu hapo hawakupata raha. William Gray, mwenzao, akashika kazi pamoja nao. Walitafuta wauguzi, waliendesha magari ya maiti, walichoma magodoro ya wafu. Wafungwa weusi wakafunguliwa gerezani kwa sharti la kuwauguza wagonjwa katika hospitali iliyofanywa huko Bush Hill. Waganga walipopungua, Rush akawafundisha Allen na Jones kutoa damu kwa kukata mshipa na kunywesha dawa za kuharisha, nao wakawatoa damu watu zaidi ya 800. Leo twajua kwamba matibabu hayo yaliwadhoofisha wagonjwa kuliko kuwaponya, na huko Bush Hill daktari Mfaransa, Jean Devèze, aliyakataa. Lakini hao wawili walifuata maagizo ya tabibu waliyemtumaini.

Waliyoyaona, sisi wachungaji ambao tumewahi kuzika zaidi ya mtu mmoja katika siku moja twaweza kuyafikiri kidogo tu. Katika nyumba nyingine mzazi amekufa, na watoto wadogo wanacheza wakidhani amelala. Mtu mmoja alitoka mlangoni akatisha kuwapiga bunduki kama wakipita na maiti mbele ya nyumba yake; baada ya siku tatu walimzika yeye. Mgonjwa mmoja alisimama dirishani akiomba maji ya kunywa. Bwana mmoja njiani akatoa dola nane kwa mtu yeyote atakayempelekea, wala hakutokea mtu, mpaka alipofika maskini mmoja mweusi, akachota maji, akampelekea, na zile dola akazikataa. Mama mzee mweusi aliuguza nyumba baada ya nyumba, na alipoulizwa ujira wake alijibu kwamba yatosha akipewa chakula siku moja ya baridi.

Nao wakaanza kufa. Kwanza watu weusi waliougua waliambiwa kwamba ugonjwa wao si ile homa bali ni ugonjwa mwingine, kwa kuwa kitabu kilisema hawawezi kuipata. Hata mambo yalipokuwa wazi mno, neno hilo likanyamaza. Allen mwenyewe aliugua sana, akapona. Rush naye, baada ya muda si mrefu, aliona amekosa, akaandika wazi kwamba watu weusi walishikwa na ugonjwa kama Wazungu na wengi wakafa. Namheshimu kwa kukiri. Lakini maiti walikuwa wamekwisha kuzikwa. Mwaka 1792 watu weusi waliozikwa mjini walikuwa 67; mwaka 1793 walikuwa 305. Katika mji mzima walikufa wapata 5,000, yaani kama mtu mmoja katika kumi, na kwa watu weusi hesabu haikuwa mbali na hiyo.

Sababu ya homa haikujulikana wakati ule. Wengine walisema ni kahawa iliyooza gatini, wengine wakasema ni wakimbizi. Ilikuwa mbu. Carlos Finlay, tabibu wa Kuba, aliyasema hayo mwaka 1881, na mwaka 1900 Walter Reed na wenzake wakathibitisha. Mtu aliyeugua homa hiyo utotoni akapona haugui tena. Kwa hiyo wako waliozaliwa Afrika ya Magharibi waliokuwa na kinga, si kwa ajili ya ngozi yao bali kwa ajili ya utoto wao. Mtu mweusi aliyekulia Delaware, kama Allen, hakuwa na kinga yoyote kuliko Mwingereza. Hata hivyo mawazo ya kwamba ngozi ndiyo sababu hayakuisha upesi. Zaidi ya miaka mia baadaye, mwaka 1896, mtaalamu mweusi W. E. B. Du Bois alikuja kukaa katika mtaa ule ule wa Philadelphia, akapita nyumba kwa nyumba akiuliza na kuhesabu, na mwaka 1899 akatoa kitabu kinachoonyesha kwamba watu weusi walikufa zaidi kwa sababu ya nyumba mbovu, maji mabaya na umaskini.

Jalidi ilipoanguka, mwishoni mwa Oktoba na katika Novemba, mbu wakafa na homa ikakoma. Waliokimbia wakarudi. Mwezi huo wa Novemba mchapaji mmoja, Mathew Carey, akatoa kijitabu cha habari za homa, nacho kikanunuliwa sana, kikapigwa chapa tena na tena. Carey alikuwa mtu wa Ireland aliyekimbia kuonewa na serikali ya Waingereza. Alichaguliwa katika halmashauri ya mji wakati wa homa, lakini aliondoka mjini kwa muda. Katika kijitabu hicho aliandika kwamba baadhi ya watu weusi walitumia shida ya watu, wakadai dola mbili, tatu, nne, hata tano kwa usiku mmoja wa kuuguza, na wengine wakaiba katika nyumba za wagonjwa. Alimtenga Allen, akamtenga Jones, akamtenga Gray, akawasifu. Lakini waliobaki je? Wale waliokufa, waliokataa dola nane, waliotaka chakula cha siku ya baridi, hao wote walibaki chini ya neno lile.

Pengine mtu mwingine angaliridhika kwa kusifiwa yeye peke yake. Allen na Jones hawakuridhika. Mwezi wa Januari 1794 walitoa kijitabu chao cha majibu. Walieleza kwamba si wauguzi waliopandisha bei, bali matajiri wenyewe walishindana, mmoja akimnyang'anya mwingine mwuguzi kwa kuongeza fedha. Meya alipowaita juu ya jambo hilo walimweleza hivyo hivyo. Walieleza kwamba wezi walikuwako weusi na weupe: mwanamke mmoja Mzungu, aliyewaangalia mume na mke waliokufa usiku mmoja, alidai pauni sita kwa kuwaosha na kuwavika, na alipopekuliwa, bizimu za viatu vya marehemu zikaonekana mfukoni mwake. Watu wanne Wazungu walilipwa dola 40 kwa kuteremsha jeneza moja ngazini. Kwa nini basi waandikwe weusi peke yao? Nao hawakusahau kutaja kwamba mwandishi yule amepata fedha nyingi kwa kuuza kijitabu chake kuliko wauguzi wengi anaowalaumu.

Kisha wakaweka hesabu yao mbele ya watu wote. Fedha walizopokea kwa kuzika wafu na kuteketeza magodoro zilikuwa pauni 233, shilingi 10 na peni 4. Walizotoa zilikuwa pauni 33 kwa majeneza ambayo hawakulipwa kitu, na pauni 378 za ujira wa watu watano, watatu kwa siku 70 kila mmoja na wawili kwa siku 63. Basi walitoka na hasara ya pauni 177, shilingi 9 na peni 8. Na mamia ya maskini na wageni waliwazika bila kuomba malipo. Meya Clarkson akawaandikia cheti kushuhudia kwamba kazi yao ilifanywa kwa bidii na adabu, nacho kikapigwa chapa pamoja na maneno yao. Mwishoni mwa kijitabu hicho wakaongeza neno kwa wale wanaomiliki watumwa, maana waliona kwamba dharau ile ya kitandani na kaburini shina lake ni utumwa.

Yaliyofuata nitayasema kwa ufupi. Mwezi wa Julai 1794 makanisa mawili ya watu weusi yalifunguliwa Philadelphia. Absalom Jones aliliongoza lile la Mtakatifu Thomas, lililoinuliwa paa katika siku za mwanzo wa homa, akawa baadaye mtu mweusi wa kwanza kuwekwa kasisi katika Kanisa la Episkopali huko Marekani. Allen alibaki Mmethodisti. Alinunua karakana ya mfua chuma, akaikokota hata kiwanja chake katika njia ya Sita, ikawa kanisa la Betheli. Homa ikarudi mwaka 1797, na 1798, na 1799. Mwaka 1799 aliwekwa kuwa shemasi. Miaka mingi wakuu wa Wamethodisti Wazungu walishindana naye juu ya nyumba hiyo na ardhi yake, mpaka mahakama ikawapa haki watu wa Betheli mwanzoni mwa mwaka 1816. Na mwezi wa Aprili mwaka huo makanisa ya watu weusi ya miji kadhaa yakaungana kuwa Kanisa la Methodisti la Kiepiskopali la Waafrika, naye Allen akawa askofu wake wa kwanza. Siku zote hizo alijilisha kwa kazi ya mikono, ya viatu na ya kufagia masizi katika mabomba ya moshi ya nyumba za Philadelphia.

Jones alifariki mwezi wa Februari 1818. Allen alimfuata tarehe 26 Machi 1831, mwenye umri wa miaka 71. Kaburi lake limo chini ya kanisa la Betheli, katika kiwanja kile kile cha njia ya Sita.